Udhaifu wa Istilahi "Mabadiliko ya Jeni" katika Maelezo ya Saratani ya Ngozi

Katika tafsiri za maandishi ya afya, istilahi "mabadiliko ya jeni" imetwishwa mzigo mkubwa mno. Tuchukue sentensi ya mfano: "Saratani ya ngozi huletwa na mabadiliko ya jeni." Kisarufi haina dosari. Kimaana hupotosha, kwa kuwa msomaji wa kawaida asikiapo jeni hufikiri urithi, na afikiripo urithi huona hakuna la kufanya.

Sayansi yasema vingine. Mengi ya mabadiliko yanayoanzisha saratani hii hayarithiwi. Hutokea katika seli za ngozi baada ya mtu kuzaliwa, hasa kwa mionzi ya jua iitwayo urujuanimno, ambayo huharibu DNA. Jeni ya TP53, ambayo huizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika, mara nyingi hukutwa imekwisha kubadilika katika magamba ya ngozi iliyochomwa na jua, kabla ya saratani yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta mabadiliko ya aina hiyo hata katika ngozi ya kope isiyo na ugonjwa. Kubadilika kwa jeni, basi, si lazima kuwe saratani.

Udhaifu huo hudhihirika zaidi tuwaelezapo ndugu zetu wenye ualbino. Nchini Tanzania, wengi wao wamerithi badiliko la jeni ya OCA2, lipunguzalo melanini. Badiliko hilo lenyewe silo saratani. Huiacha ngozi bila kinga yake ya asili, kisha jua huleta mengine. La kwanza mtu huzaliwa nalo. Haya ya pili yaweza kupunguzwa kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Mfasiri anayeyaita yote kwa jina moja humnyima mzazi sababu ya kutafuta kofia.

Kwa hiyo inapendekezwa neno "mabadiliko" libaki kwa mambo ya jumla, kama ya majira au ya sera. Badiliko la DNA liitwe "mgeuko wa jeni", na daima lipewe sifa: ama "wa kurithi", ama "wa baada ya kuzaliwa". Huenda ikasemwa kwamba istilahi ndefu huchosha. Ni kweli, lakini istilahi fupi inayomkatisha mgonjwa tamaa bila sababu haijatimiza kazi yake.