Mla nawe hafi nawe? Urafiki wa kilabuni kutoka Mangweni hadi Karara

MWANAFUNZI wa shule ya upili akiulizwa tendo la Mangweni katika tamthilia ya Kigogo linahusu nini, jibu humtoka kabla swali halijakamilika: ulevi. Ataongeza madhara ya pombe haramu, ufisadi katika utoaji wa vibali na taasubi ya kiume anayoionyesha Ngurumo. Alama atapewa. Jibu lake si kosa, ila limeacha nje kitu kinacholiendesha tendo lile tangu mwanzo hadi mwisho, nacho ni urafiki wa watu wanaokunywa pamoja.

Kigogo, yake Pauline Kea, ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, kisha ikaipisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kwa kuwa presha ya mtihani imeondoka, tunaweza sasa kuirudia bila kuwinda "hoja kumi za maudhui". Ninapendekeza tuisome sambamba na riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road, iliyochapishwa kwa Kiingereza mnamo 1976. Kazi hizi mbili zinatofautiana kwa utanzu, lugha na kizazi. Hata hivyo, zote zinatuingiza mahali ambapo watu walewale hukutana kila siku, hukalia viti vilevile na kunywa kinywaji kilekile, na zote zinauliza swali moja: wenzako wa kikombe wanakudai nini, nawe unawadai nini?

Tuanze na majina, maana hapo ndipo uhakiki wetu huteleza. Mangwe, kama wajuavyo wakazi wa Mombasa na Kilifi, ni mahali pa kunywea mnazi. Mwanamke anayeuza pombe pale Sagamoyo anaitwa Asiya, lakini wanywaji wanamwita Mamapima. Jina hilo limetokana na kupima, na kila mtaa wa Nairobi una mama pima wake. Huyu si muuzaji tu. Ndiye anayejua nani ana deni, nani ameachishwa kazi, nani hajaonekana siku mbili na yafaa mtu akamgongee mlango. Ukimsikiza mteja wake akisema, "Mama, niandikie, nitakusort mwisho wa mwezi," umesikia mkataba kamili ambao hauna wakili wala shahidi.

Wanaokunywa, kwa upande wao, Kiswahili sanifu kinawapa jina moja: walevi. Tazama umbo la neno hilo. Mnywaji ni mtu anayefanya kitendo. Leo anaweza kunywa, kesho asinywe. Mlevi amekwisha kufungwa ndani ya hali yake. Lugha ya mtaani ni karimu zaidi. Huko kuna jamaa wa besi, kuna mabeshte, kuna "mtu wangu". Haya ni majina ya uhusiano, wala hayamtaji mtu kwa ugonjwa wake. Ndani ya tamthilia, kundi lile la Mangweni ni walevi tu, na ukitoa Ngurumo, hatuwafahamu kwa majina yao. Hili litatusumbua baadaye.

Sasa turudi kwenye tendo lenyewe. Sudi na Tunu wanakwenda Mangweni kuwarai wanywaji wajiunge na harakati dhidi ya Majoka. Hoja zao ni za kweli: soko limefungwa, pombe ile inaua na kupofusha. Mamapima anawajibu kwamba ana kibali. Ngurumo anamfanyia Tunu kejeli, na kilabu kizima kinacheka. Wahakiki wengi huishia kusema kwamba wanywaji hawa ni wajinga, wametiwa usingizi na utawala. Mimi sikubali. Mjinga hacheki kwa wakati unaofaa. Hawa wanacheka panapofaa, kwa sababu anayesema ni mwenzao.

Hebu tufikirie tofauti ya sajili. Tunu anazungumza lugha ya mkutano wa hadhara: haki, maendeleo, wananchi. Ngurumo anazungumza lugha ya meza: mzaha, kejeli, kauli fupi inayomalizwa na kicheko cha jirani. Katika kilabu chochote, anayefika akiwa wima na kuanza kuwahutubia waliokaa amekwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa. Hajanunua, hajanunuliwa. Hakuna anayemdai chochote, na hilo ndilo tatizo lake. Tunu anawapenda wanywaji hao kuliko Ngurumo anavyowapenda, lakini upendo wake umetoka nje ya kikombe.

Hapo Kea ameona jambo kubwa. Majoka hahitaji kuwalazimisha watu wa Mangweni wamtii. Anachohitaji ni kibali cha Mamapima na mdomo wa Ngurumo, kisha uaminifu wa wanywaji wao kwa wao utafanya kazi iliyobaki. Urafiki wa kweli kabisa umegeuzwa kuwa daraja la utawala, na wenyewe hawana habari. Hata biashara ya keki ya sherehe za uhuru inampata Asiya kupitia kwa Ngurumo, na malipo yake anayalipa kwa mwili wake, ilhali mumewe Boza anachonga vinyago karakanani. Ni rahisi kuliita hilo uzinzi na kufunga ukurasa. Ninaliona zaidi kuwa ni ramani: inatuonyesha jinsi mtu mmoja mwenye njia ya kufika juu anavyoweza kuwauza wote wanaoketi naye, mmoja mmoja, huku akiendelea kuwachekesha.

Kisha Ngurumo anauawa akitoka Mangweni. Mtu aliyekuwa na kilabu kizima cha kumchekea amekufa njiani peke yake.

Wahenga wa Kiswahili wana methali kali kuhusu jambo hili: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kifo cha Ngurumo kinaonekana kuithibitisha neno kwa neno. Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Methali imethibitika kwa urahisi mno, kwa sababu wanywaji wenzake hawakupewa nafasi ya kuikanusha. Aliyekaa ubavuni pake jioni ile alikuwa nani? Aliposikia habari, alifanya nini? Alikwenda matangani? Alinyamaza na kuagiza kikombe kingine? Kwa kuwa hana jina, hawezi kuomboleza. Tamthilia imetumia urafiki wao kueleza utawala, kisha ikauacha mlangoni.

Meja Mwangi anaifuata njia nyingine. Ben na Ocholla ni vibarua katika ujenzi wa jumba refu la Development House. Ben alikuwa afisa wa jeshi kabla hajafukuzwa. Ocholla ana wake wawili na watoto huko mashambani. Mchana wanabeba mawe na saruji. Jioni wanakunywa katika Karara Centre. Siku ya mshahara wanakunywa zaidi. Ukiisoma kijuujuu, utadhani ni kisa cha wanaume wawili wanaopoteza pesa.

Tuitazame raundi, maana raundi ni mfumo wenye kanuni zake. "Hii ni yangu" si zawadi, na pia si mkopo wa kawaida. Ukinunuliwa leo ukarudisha papo hapo, shilingi kwa shilingi, umemwambia mwenzako kwamba hutaki kuonana naye kesho. Deni lazima libaki wazi kidogo ili kuwe na sababu ya kurudi. Wateso wanaokaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, wamelitatua jambo hili kwa ustadi: hakuna anayeweza kusema kiasi gani ni chake. Karara, hata hivyo, iko mjini, na mjini kila kikombe kina bei. Kwa hivyo Ben na Ocholla wanalazimika kufanya urafiki kwa kuhesabu sarafu.

Riwaya inakuwa nzito pale urafiki huo unapotoka nje ya Karara. Wini, mwanamke anayeishi na Ben, anaondoka na kumwachia mtoto ambaye hakumzaa. Mtoto huyo tunamjua kwa jina la Baby tu. Ben anakosa pa kukaa. Anayempokea, yeye na mtoto, ni Ocholla, katika kibanda ambacho hata mtu mmoja hakimtoshi sawasawa. Hakuna hotuba juu ya utu hapo. Ni "ingia" tu. Na askari wa baraza la jiji wanapoviteketeza vibanda vile, wenyeji wanarudi kuvisimamisha tena. Ninakiona kitendo hicho kuwa ndio uhakiki mzito zaidi wa ile methali ya mla nawe. Huyu hakuzaliwa naye, alikunywa naye tu, na amempa paa.

Lakini Meja Mwangi hatuachii utamu huo. Wake za Ocholla na watoto wanawasili kutoka mashambani, na kibanda kinajaa. Waliozaliwa naye na waliokunywa naye wanakutana chini ya paa moja, na paa haliwatoshi. Urafiki unatikisika. Swali linalobaki linaumiza: pesa zilizokuwa zikilipia raundi za Karara zilikuwa za nani? Wale watoto walikuwa wakila nini wakati Ocholla akimwambia mwenzake "hii ni yangu"? Uaminifu wa kilabuni mara nyingi hulipiwa na watu ambao hawamo kilabuni. Riwaya inalijua hilo, ila inalitazama kutoka upande wa wanaume. Wake wale wanafika kama mzigo, na hatupewi muda wa kutosha wa kuwasikiliza. Katika hili Kea amemzidi. Mwanamke wake anamiliki kilabu, ana hesabu zake, ana ndimi zake, na anajua anachouza.

Mtu atauliza: haya yote yatatusaidia nini, na walevi ni walevi? Jibu langu liko katika historia yetu. Mnamo Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi, iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa duni ya Nairobi. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi wengine katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Kila mara vyombo vya habari vilitupa idadi, na kila mara tuliuliza, "Kwani hawakujua?" Swali hilo ni la Sudi na Tunu. Mtu hanywi sumu kwa kuwa hajui kwamba pombe haramu huua, anajua sana. Anakunywa kwa kuwa muuzaji ni mama anayemjua, na mwenzake amekunywa mbele yake bila kudhurika. Kinachomuua ni imani yake kwa watu wake.

Kwa sababu hiyo, kampeni zinazoingia kilabuni zikiwa wima, na mabango yake na Kiswahili chake cha mkutano, huchekwa kama Tunu alivyochekwa. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo wengi waliiita sheria ya Mututho, ilipanga saa za baa kufunguliwa na kufungwa. Saa zinaweza kupangwa. Lakini ni nani atakayemwambia jamaa wa besi, kwa lugha ya besi, "Leo hii usinywe, mtu wangu, nimeiona rangi yake"? Ni mmoja wao tu. Tusipojifunza kuusoma urafiki huo vizuri darasani, hatutajua hata wa kumpa ujumbe.

Walimu wanaoirejelea Kigogo kwa sababu yoyote ile wanaweza kujaribu zoezi dogo. Waache wanafunzi wampe kila mlevi wa Mangweni jina, kazi aliyokuwa nayo soko likiwa wazi, na deni lake kwa Mamapima. Kisha waulizwe nani kati yao alimsindikiza Ngurumo siku zilizotangulia, na kwa nini siku ile hakumsindikiza. Nadhani majibu yatakuwa marefu kuliko ya maudhui ya ulevi, na huenda mengine yatamfanya mwalimu akohoe.

Mwishoni mwa tamthilia, Mamapima anamwomba Tunu msamaha kwa kazi aliyoifanya. Ni tukio zuri, na Tunu anastahili kuombwa radhi. Lakini Tunu hakuwahi kunywa kwake.