Kufuli Lililokwama Kwenye Diski ya Mtandao

Fundi wa Linux ameunganisha diski ya seva kwa SMB, akaweka humo nakala ya kazi ya Subversion. Kazi inakatika kwa kosa E200033: kanzidata imefungwa. Wengi hukimbilia svn cleanup. Haifui dafu hapa.

Amri hiyo hutibu kosa jingine, E155004, linalotokea operesheni inapokatika njiani na kuacha alama ya kufuli katika kumbukumbu za Subversion. Ili ifute alama hiyo, cleanup nayo lazima ifunge kanzidata kwanza, na kufunga ndiko kulikoshindikana.

Tangu toleo la 1.7 la mwaka 2011, kumbukumbu hizo zote zimo katika faili moja, .svn/wc.db, linaloendeshwa na SQLite. SQLite huomba ifungiwe baiti chache tu, zilizo umbali wa gigabaiti 1 kutoka mwanzo wa faili, hata kama faili halifiki huko. Kwenye diski ya ndani Linux hulimaliza ombi hilo yenyewe. Kwenye SMB ombi husafiri hadi kwenye seva, na huko kanuni ni za Windows: kufuli huzuia kwa lazima, ilhali la Linux hutegemea programu kuheshimiana. Ombi likigonga mwamba, SQLite huweza kudhani kuna programu nyingine iliyoshika faili, kumbe hakuna.

Ili kuhakikisha, endesha amri ya svn chini ya strace na utazame wito wa fcntl unaogusa wc.db. Ukirudi na kosa ilhali hakuna programu nyingine iliyoshika faili, tatizo liko kwenye diski, si kwenye Subversion.

Dawa inayopendwa ni kuunganisha diski kwa chaguo la nobrl, na kweli kosa hutoweka papo hapo. Mimi siikubali kwa diski inayotumiwa na watu wengi. Nobrl huizuia Linux kupeleka maombi ya kufuli kwenye seva, hivyo kompyuta mbili zaweza kuandika wc.db kwa wakati mmoja, kila moja ikijiona iko peke yake, na kanzidata ikaharibika. Kwa diski iliyounganishwa kwa NFS badala ya SMB, chaguo la nolock lina hatari ileile. Huko angalia kwanza toleo: la 3 hutegemea huduma ya pembeni kwa makufuli, la 4 linayabeba lenyewe.

Nakala ya kazi ikae kwenye diski ya ndani ya kila mtu, na ghala la msimbo lifikiwe kupitia svnserve, ili makufuli ya ghala yafungwe na seva kwenye diski yake yenyewe. Wanaohitaji tu kusoma mafaili kwenye diski ya pamoja wawekewe kwa svn export, ambayo haiachi .svn wala wc.db.