Upindue Kwanza: Jinsi ya Kuuchagua Mtumbwi

Mvua ikishakata Kasongo, kuanzia mwezi wa sita, shoka huanza kusikika msituni. Njia zimekauka, gogo linaburutika, mto Lualaba unashuka. Ndio msimu wa kuchonga mitumbwi, na ndio msimu ambao mnunuzi huuziwa kuni akidhani kapata chombo. Mtumbwi mpya hupendeza: mti bado una harufu, alama za tezo zimepangana kama magamba ya samaki. Usidanganywe na magamba. Upindue kwanza.

Uliza mti. Mvule ndio wa kulipia, maana mchwa hauwezi na maji hayauozeshi upesi. Lakini sifa hiyo ni ya mti wa ndani, ule wa kahawia. Tabaka jeupe lililo karibu na gome huoza kama mti wowote, na fundi mvivu huliacha kwenye kingo kwa sababu linampa upana wa bure. Mvule una ukorofi wake pia: ndani hukaa vijiwe vya chokaa vinavyotia tezo mapengo. Ukikuta tundu lililozibwa kwa lami, uliza kama palitoka jiwe au fundo bovu. Jiwe si neno. Fundo bovu, muage fundi kwa adabu, uende zako.

Halafu tazama ncha. Utaona duara za mti. Tafuta kitovu chake. Fundi hodari hulaza gogo kwa namna ambayo kiini huondoka na makapi wakati wa kukomba, kwa hiyo kwenye ncha utakiona juu, karibu na ukingo. Kikiwa chini, usawa wa sakafu, ufa unakuja, na jua la kiangazi halitauchelewesha. Hapo ndipo pa kuuliza mtumbwi ulilala wapi tangu uchongwe. Mti mbichi unataka kivuli na majani juu yake, au uzamishwe majini. Ulioanikwa uwanjani ili wapita njia wauone, mimi siugusi.

Sasa gonga kwa vifundo vya vidole, toka katikati ya sakafu kupanda ubavuni. Sauti ianze nzito, iwe nyepesi polepole. Ikiruka ghafla na kulia kama ngoma, hapo tezo ilipita kiasi. Kwangu mimi, sakafu iwe na unene wa vidole vitatu vilivyolazwa, ubavu viwili. Wengi hupenda mtumbwi mwembamba kwa kuwa watu wanne wanaubeba. Sawa, lakini hawatembei nao barabarani. Mawe yako mtoni. Unene huu ndio mtihani mkubwa wa fundi, kwani akichonga ndani haoni nje. Naye pia hugonga na kusikiliza.

Kiraka si aibu. Bati lililokatwa kwenye bidoni ya mafuta, likalazwa juu ya pamba na lami, linaweza kukaa miaka. Tazama misumari tu. Ikiwa imefuata mstari mmoja wa nyuzi za mti, imeshaanza kuchora ufa mwingine. Ipishane.

Majini, mwaga kopo moja ndani uone maji yanakokwenda. Yakikusanyika katikati, kidogo nyuma, anakokaa mwenye kafi, vizuri; yakikimbilia ubavu mmoja, mtumbwi umepinda na utapiga kafi upande mmoja maisha yako yote. Kisha simama. Wagenya, wavuvi wa Lualaba, hupiga kafi wakiwa wima, na chombo kisichokuruhusu kusimama Lualaba hakikufai. Kwa Luama, huko Kabambare, mto ni mwembamba zaidi: chukua mfupi unaogeuka upesi, hata kama utaringiwa na wenye mitumbwi mirefu.

Kuhusu bei, anayeonyesha haraka ndiye anayelipa. Na hata subira haimpi kila mtu: mpelelezi Livingstone alikaa Nyangwe, kando ya Lualaba, miezi kadhaa mwaka 1871 akitafuta mitumbwi, akaondoka bila kuipata. Mpelelezi mwenzake, Cameron, akaja mwaka 1874, naye akakosa vilevile, akageuza njia kwa miguu. Wenye mto hawakuona sababu ya kuwapa.

Mkishapatana, uliza kafi kabla hujatoa pesa. Mara nyingi halimo.