Mwanamke Mmoja, Kalamu Nyingi

Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuwafundisha wanachuo kwamba mhusika bapa hutoka katika hadithi vile vile alivyoingia, na kwamba mhusika duara hubadilika kadiri mambo yanavyompata. Maelezo hayo yanatosha kwa riwaya yenye mtunzi mmoja, mwanzo na mwisho. Lakini iko fasihi nyingine ambayo vijana wanaisoma na wazee tunaipuuza, nayo inadai maelezo zaidi. Nazungumzia vitabu vya katuni vya Kimarekani, vya mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Hutoka toleo baada ya toleo kwa miaka mingi. Mhusika ni mali ya kampuni, na watunzi hupokezana kalamu kama askari wanavyopokezana lindo.

Mfano wangu ni Carol Danvers wa kampuni ya Marvel. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1968 akiwa mkuu wa usalama katika kituo cha kurushia roketi. Mwaka 1977 alipewa kitabu chake mwenyewe, kwa jina la Ms. Marvel. Gerry Conway alikianzisha, kisha Chris Claremont akakiendeleza kuanzia toleo la 3. Humo Carol ni mhariri wa gazeti la wanawake. Mwenye gazeti anataka mambo ya mapishi na mavazi. Carol anakataa, na mshahara wake anaupigania bila woga. Kitabu hicho kilikoma mwaka 1979 baada ya matoleo 23, naye akabaki katika kitabu cha kundi la Avengers, mikononi mwa watunzi wengine.

Mwaka 1980 likatoka toleo la 200 la Avengers. Carol ana mimba asiyojua ilikotoka. Anajifungua mtoto ambaye kwa muda mfupi anakuwa mtu mzima, jina lake Marcus. Huyo anaeleza kwamba alimchukua Carol hadi nchi iliyo nje ya wakati, akamlainisha moyo kwa msaada wa mitambo, akampa mimba ili yeye mwenyewe apate kuzaliwa duniani. Kwa Kiswahili chetu cha kawaida, huko ni kubaka. Lakini katika hadithi ile Carol anampenda na kuondoka naye, na wenzake wanamuaga kwa kumtakia heri. Mwanamke aliyebishana na mwajiri juu ya mshahara, sasa hakuulizwa jambo, wala yeye hakuuliza.

Watetezi watasema kwamba mikono ikiwa mingi hali haiwezi kuwa nyingine. Sikubaliani nao. Sungura wa ngano zetu amepita katika vinywa visivyohesabika, na hakuna mwenye hati ya kummiliki, lakini ujanja wake haukupotea njiani. Wasimulizi ni wengi. Wanachokijua juu ya Sungura ni kimoja.

Wala haiwezi kusemwa kwamba watunzi wale hawakuijua kazi yao. David Michelinie na Bob Layton, waliokuwa miongoni mwa waliotunga toleo lile, ndio walioandika mwaka 1979 habari za Iron Man kutekwa na pombe. Shujaa huyo mwanamume alipewa matoleo kadhaa ya kuteleza, kuanguka, kuona aibu na kuinuka. Kila hatua ina sababu yake, na msomaji anaiona. Ufundi basi ulikuwapo. Mwanamke hakupewa nafasi ya kuutumiwa.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Kosa si mhusika kubadilika. Kosa ni kubadilishwa bila yeye mwenyewe kulipitia badiliko hilo. Anayebadilika ana historia. Anayebadilishwa ni chombo tu, leo kinabebea maji, kesho mafuta ya taa.

Jibu lilikuja mwaka 1981, katika toleo la mwaka la 10 la Avengers. Mwandishi alikuwa Claremont yule yule. Angeweza kulifuta lililoandikwa, au kujifanya halikutokea. Badala yake alilikubali kuwa limetokea, akamrudisha Carol akiwa amejeruhiwa na kunyang'anywa nguvu zake, kisha akamweka mbele ya wenzake awaulize yeye mwenyewe: mlipomwona akinichukua, mbona hamkutilia shaka? Mashujaa wale wakainamisha vichwa. Kwa njia hiyo dosari ya watunzi ikageuka kuwa sehemu ya maisha ya mhusika, naye akapata tena sauti yake.

Kwa hiyo nawashauri walimu vijana wasivinyang'anye vitabu hivi mikononi mwa wanafunzi. Wavichukue, wavisome pamoja nao, na kila mhusika anapogeuka waulize: ni jambo gani limemgeuza, na je, yeye mwenyewe amepewa nafasi ya kusema? Binti aliyezoea kuliuliza swali hilo juu ya mwanamke wa kwenye karatasi hatashindwa kuliuliza siku watu wazima watakapokaa barazani kuamua mambo yake, kisha wakamtakia heri.