Mnong'ono wa Uhuru

Msomaji, kwaya haipimwi kwa ukubwa wa sauti. Watazame waimbaji tisa Weusi wa chuo cha Fisk, mjini Nashville, Marekani, waliotoka tarehe 6 Oktoba, 1871 kwenda kukitafutia chuo chao fedha. Wengi wao walizaliwa utumwani. Nyimbo za wazee wao, ambazo majina ya watungaji wake hayakuandikwa, walisita kuziimba hadharani, kwani kwao zilikuwa ibada na kumbukumbu ya minyororo. Hatimaye walipoziimba, wimbo "Steal Away" waliuanza kwa mnong'ono, na kumbi zikanyamaza.

Wako wasemao kwamba mtindo wa jukwaani ulizilainisha mno. Neno hilo si la bure: makofi na vishindo vya miguu viliachwa nyuma. Hata hivyo, upole ule haukuwa pambo. Mtumwa aliyetamani uhuru hakuweza kuutangaza, kelele ingalimponza. Mnong'ono ndio uliomfaa, nao ulizaa matunda: fedha za nyimbo hizo zilijenga Jubilee Hall, jumba la chuo lililofunguliwa mwaka 1876.

Basi nawe utakapoimba nyimbo za namna hii, usikimbilie kupaza sauti. Yapime maneno kwanza, ujue aliyeyatunga alikuwa akimwogopa nani, na akitumaini nini.