Uzito Uko Kidoleni

Mwanamume ametupa mgongo. Mikono ameitandaza kama aliyebeba kitu kipana, ila viganjani hamna kitu. Mchoro huu wa chaki nyekundu, aliouchora Michelangelo mnamo 1510 au 1511, umo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, tangu 1924. Karatasi yenyewe ina sentimita 28.9 kwa 21.4, ndogo kidogo kuliko ya A4.

Huyo mwanamume alikuwa anaandaliwa awe mwanamke: Sibila wa Libya, mmoja wa watabiri watano wa kike waliochorwa kwenye dari la kanisa dogo la Sistine, Vatikani. Katika karakana za Italia za wakati ule ilikuwa kawaida vijana wa kiume wakae wachorwe hata kwa picha za wanawake. Na anayetafuta Libya mwilini humu atatoka mikono mitupu. Jina limetokana na desturi ya zamani ya kuwapa watabiri hao nchi zao, wala halina alama yoyote kwenye karatasi.

Darini Sibila anashika kitabu kikubwa kilicho wazi, na watu hubishana: anakifungua au anakifunga? Kitabu ndicho ishara ya unabii, kwa hiyo macho yote hukimbilia huko. Mchoro unatusaidia kwa sababu kitabu hakimo. Kinachobaki ni tendo lenyewe: mtu anajisokota kiunoni, mabega yanakwenda huku na uso kule, macho yakitazama chini. Mistari ya chaki imesongamana penye mafundo ya misuli kandokando ya uti wa mgongo, kisha inalegea hadi karatasi yenyewe inageuka mwanga. Bega la kushoto limeongezewa chaki nyeupe kidogo sana. Hapo ndipo mzigo usioonekana unapohisika.

Lakini mzigo huo unashukia wapi? Umbo kubwa halina miguu; limekatwa chini ya nyonga. Mguu umechorwa kando, pembeni chini, na vidole vyake vimerudiwa tena na tena, hasa kidole gumba kinavyobonyea sakafuni. Kurudia huko si pambo. Kaa kwenye kigoda, geuka kama unayechukua kitu kizito nyuma yako, kisigino kikiwa juu: utajua mara moja kwamba kidole hicho kikiteleza, mwili mzima unaanguka. Michelangelo alilijua hilo, ndiyo maana hakuridhika na jaribio moja.

Kichwa nacho kimechorwa upya chini kushoto, na humo sura imelainika, inaelekea kuwa ya mwanamke. Kwangu badiliko hili ni dogo kuliko linavyosifiwa. Jinsia aliibadilisha kwa uso na nywele. Mgongo aliuacha vilevile, wa kiume kabisa, na darini haumsumbui mtazamaji.

Kwa mtazamo wangu, basi, utabiri wa Sibila hauko kitabuni. Uko katika mwili uliokamatwa katikati ya tendo, haujakaa wala haujasimama, kama mtu aliyekwisha kusoma jambo na sasa lazima ashuke. Nguo ya rangi ya manjano ilipokuja kumfunika darini, ilificha nyonga na mapaja yote. Mgongo wa juu na mikono vikaachwa wazi, na pale chini, vidole vya mguu vikachomoza vikiwa bado vimebonyea.