Mwalimu wa Upinde

Wapenzi wa upinde wa asili huko Marekani wana kitabu kimoja wanachokiheshimu sana. Ni Hunting with the Bow and Arrow cha daktari Saxton Pope, kilichotolewa mwaka 1923. Miaka mia na zaidi imepita, na bado watu wanaochonga pinde zao wenyewe na kuingia porini bila bunduki wanakisoma. Nami nimekisoma zaidi ya mara moja. Kila mara nimekipenda, na kila mara nimekifunga nikiwa na neno moyoni. Neno hilo ndilo ninalotaka kulitoa hapa.

Habari yenyewe inaanza na watu wawili. Mwezi Agosti mwaka 1911 mtu mmoja aliyedhoofika kwa njaa alijitokeza karibu na mji wa Oroville, California. Alikuwa wa mwisho wa Wayahi, kabila dogo la wenyeji wa asili lililomalizwa na walowezi kwa bunduki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walimchukua akakaa katika jumba lao la makumbusho mjini San Francisco. Jina lake mwenyewe hakulitaja kamwe. Wakamwita Ishi, maana yake “mtu” kwa lugha ya kwao. Mwaka 1912 Pope alikuja kufundisha upasuaji katika hospitali iliyokuwa jirani. Daktari akamtibu Ishi, na Ishi akamfundisha daktari upinde.

Sura tatu za kwanza, zinazomhusu Ishi, ndizo roho ya kitabu. Pope anatazama mikono ya mwalimu wake na kuandika anachokiona: jinsi alivyochonga upinde kwa mti wa mreteni na kuubandika kano za mnyama mgongoni, jinsi alivyomegua chembe za mishale kutoka katika jiwe jeusi linalong’aa kama kioo. Tunaelezwa kwamba Ishi hakupenda upinde uliotiwa ugwe usimamishwe wima, kwani aliuona kuwa bado unafanya kazi na utatoka jasho. Kabla ya kuwinda hakula samaki wala hakuvuta tumbaku, ili mnyama asinuse harufu yake. Alichuchumaa kichakani akiigiza mlio wa sungura aliye taabuni, na sungura wengine wakaja wenyewe. Upinde wake ulihitaji nguvu ya ratili 45 hivi kuuvuta, ambayo si nguvu ya kutisha. Uwezo wake ulikuwa katika kujua kumkaribia mnyama. Ni nadra kukuta msomi wa zama zile akikaa chini na kufundishwa na mtu ambaye wenzake walimwita mshenzi.

Ishi alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916, na kitabu nacho kinabadili mwendo. Pope anashika upinde mrefu wa Kiingereza, mzito zaidi, na anauvuta kwa vidole vitatu badala ya kidole gumba kama mwalimu wake. Kwa hilo simlaumu. Mwanafunzi ana haki ya kuchagua njia. Tena sura za kuchonga upinde, kutia mshale manyoya na kutengeneza ugwe zimeandikwa kwa uaminifu, hata fundi wa leo anaweza kuzifuata. Hapo pia ndipo tunapouona urafiki wa Pope na wenzake, Will Compton na Arthur Young. Mwenye bunduki anaweza kujitegemea kwa mbali. Mwenye upinde hana budi kusogea karibu, na anayemsogelea dubu anahitaji mwenzake awe nyuma yake. Urafiki wao umetokana na kazi yenyewe, ndiyo maana unaaminika.

Lakini kadiri kurasa zinavyoendelea, wanyama wanakuwa wakubwa na mafunzo yanapungua. Mwaka 1920 Pope na Young walikwenda Yellowstone kuua dubu kwa ajili ya makumbusho ya California Academy of Sciences. Swali linalosukuma sura kama hizo ni moja tu: je, mshale utaweza? Ishi aliwinda apate kula. Wanafunzi wake wanawinda wapate kuthibitisha. Chama cha wawindaji wa upinde kilichoanzishwa mwaka 1961 kwa majina ya Pope na Young kina tuzo yake kuu iitwayo Ishi, na hutolewa kwa nyara iliyo bora kupita zote. Sijui kama mwenye jina angeelewa.

Liko na jambo ambalo kitabu kimelinyamazia. Pope anaeleza kwamba Ishi alichomwa pamoja na upinde na mishale yake, kwa kufuata desturi ya kwao. Hasemi kwamba kabla ya hapo mwili ulipasuliwa na ubongo ukatolewa, ingawa Alfred Kroeber, mtaalamu aliyemjua Ishi vizuri, alikuwa ameandika barua kupinga upasuaji huo. Ubongo ulipelekwa Taasisi ya Smithsonian, na haukurudishwa kwa jamaa za watu wake hadi mwaka 2000. Pope alikuwa daktari wake na rafiki yake, na alilijua jambo hilo. Msomaji aliyeguswa na sura zile tatu alistahili kuambiwa.

Kwetu Afrika Mashariki habari haikuishia California. Mwaka 1925 Pope na Young, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, walikuja Tanganyika kuwapiga simba kwa mishale, na safari hiyo ikazaa kitabu kingine, The Adventurous Bowmen, mwaka 1926. Miaka 30 hivi baadaye, upande wa Kenya, Wawaata wa Tsavo, ambao wengi waliwaita Waliangulu, walisakwa na kufungwa jela katika operesheni ya mwaka 1956 na 1957. Nao walikuwa watu wa upinde mrefu, na baadhi ya pinde zao zilihitaji zaidi ya ratili 100 kuvutwa. Mishale yao waliipaka sumu waliyoipata kwa Wagiriama. Ni kweli waliua tembo wengi na pembe ziliuzwa. Haki lazima isemwe. Hata hivyo, aliyeushika upinde kwa kujifurahisha aliitwa mwanamichezo, na aliyezaliwa nao akaitwa jangili.

Kwa hiyo sisemi kitabu cha Pope kitupwe. Kijana anayetaka kujifunza upinde nitampa, nami nitamwomba azisome mara mbili zile sura tatu za mwanzo. Atakapofika mahali mwalimu anapotoweka, aendelee kusoma, lakini ajiulize kila ukurasa: Ishi angesema nini hapa?